Wewe ni wa Nani? Maneno juu ya Kuzitafuta Habari za Ukoo



Mgeni akipanda kilima kwenda Busunzu, katika nchi ya Kibondo, akawakuta wazee wamekaa kivulini, ataamkiwa kwa utaratibu na kwa kupigiwa makofi ya heshima, maana Waha hawana haraka katika maamkio. Maamkio yakiisha, ataulizwa swali. Hataulizwa kwanza kazi yake, wala hataulizwa ana mali gani. Ataulizwa, "Wewe ni wa nani?" Akimtaja baba yake, ataulizwa baba huyo naye ni wa nani, na huyo wa pili ni wa kilima gani, na mama yake alitoka kwa nani. Wazee hawatachoka mpaka wapate jina moja wanalolijua. Jina hilo likipatikana, mgeni amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, na mazungumzo mengine yataweza kuanza.

Swali hilo la wazee ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Kwa nini watu huzitafuta habari za koo zao? Je, ni kazi ya wavivu wasio na jembe la kushika, au ina faida kwa mtu, na kwa nyumba yake, na kwa nchi yake?

Sisi tulio walimu katika chuo cha ualimu tuliwapa wanafunzi wetu kazi moja. Tuliwaambia, kila mtu na aandike majina ya wazazi wake wawili, na ya babu na bibi zake wanne, na ya wazazi wa hao, ambao ni wanane. Hesabu yake ni majina kumi na manne. Wanafunzi wakacheka, wakaona kazi ni nyepesi. Juma lililofuata wakaja wameinamisha vichwa. Hapakuwa na hata mmoja aliyeyajaza yote. Sisi nasi, tulipojaribu usiku kwa taa, tuliishia tisa. Na tulipozikusanya karatasi tukaona jambo la kutufikirisha: nafasi zilizobaki tupu, karibu zote zilikuwa za wanawake.

Katika wanafunzi hao alikuwamo kijana mmoja wa Busunzu. Babu yake mzaa baba alikuwa na jina la mtoto wa nane. Wasikilizaji wetu wa Buha wanajua habari hii, lakini kwa ajili ya wengine na tuieleze. Katika Kiha, kama katika Kirundi ambacho ni ndugu yake, yapo majina yanayotokana na hesabu ya uzazi. Nyandwi ni wa saba, Minani ni wa nane, Bukuru ni pacha wa kwanza. Basi yule kijana akajiuliza, "Kama babu yangu alikuwa wa nane, hao saba waliomtangulia wako wapi?" Yeye aliwajua watatu tu. Kwa mara ya kwanza jina alilolisikia tangu utoto wake likawa swali.

Akaenda likizo, akamwendea dada wa babu yake, mwanamke mzee sana, mmoja wa wale watatu. Bibi akahesabu kwa vidole. Wawili walikufa wangali wachanga. Msichana mmoja aliolewa ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa Urundi. Na wa kwanza wa wote, kaka yao mkubwa, alikwenda kukata mkonge katika nchi ya Tanga, wala hakurudi. Bibi akasema, "Mama yetu alimwekea chakula siku nyingi." Kijana akaandika, akamshukuru bibi yake, akarudi chuoni. Habari zake tutazimaliza mwisho.

Sasa na tuzitaje sababu, moja baada ya moja.

Sababu ya kwanza ndiyo ya kale kuliko zote, nayo ni ndoa. Wazee wetu waliwakataza watu wa ukoo mmoja kuoana, na mshenga hakuweza kutumwa kabla ya kujulikana binti ni wa nani. Kwa hiyo kujua nasaba hakukuwa mapambo, kulikuwa ni sheria. Siku hizi vijana hukutana shuleni, na mijini, na katika vyombo vya safari, mbali na macho ya wazee. Asiyejua nasaba yake hawezi kujua kama huyo ampendaye ni jamaa yake au si jamaa yake.

Sababu ya pili ni afya ya mwili, nayo yakaribiana na ile ya kwanza. Waganga wa hospitali wametufundisha kwamba yako maradhi yanayopita katika damu ya uzazi. Mfano wake ni ugonjwa wa selimundu, ambao huonekana sana katika Afrika ya Mashariki. Mtu aweza kuuchukua mwilini bila kuumwa, kwa kuwa ameupokea kwa mzazi mmoja tu. Lakini wachukuzi wawili wakioana, kila mtoto wao ana hatari moja katika nne ya kuugua. Hapo kujua kwamba shangazi fulani alizika watoto watatu waliokuwa wakilia kwa maumivu ya mifupa si umbeya. Ni habari ya kumpelekea mganga mapema.

Sababu ya tatu ni haki. Watu wa Buha wamehamishwa zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wengi katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, ugonjwa uletwao na ndorobo, na mahame yakarudi kuwa pori. Tena mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu waliokuwa wametawanyika vilimani wakahamishiwa katika vijiji. Watu walichukua mikeka na vyungu na mbuzi wao, lakini makaburi hayachukuliki. Leo ndugu wakigombania shamba la zamani, anayejua ni nani aliyelima pale, na amezikwa chini ya mti gani, ndiye anayesikilizwa na wazee.

Iko haki nyingine kubwa kuliko shamba, nayo ni uraia. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, sheria ya uraia haikutazama tu mahali alipozaliwa mtu. Kwa ufupi, ilitaka mtu awe amezaliwa Tanganyika, na tena mmoja wa wazazi wake awe amezaliwa Tanganyika vilevile. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe iliuliza swali la wazee wa Busunzu: wewe ni wa nani, na mzazi wako alizaliwa wapi? Mpaka leo, mtu wa mkoa wa mpakani akienda kuomba karatasi za serikali huulizwa habari za wazazi wake na za babu zake. Muha naye huulizwa zaidi, kwa kuwa lugha yake ni jirani ya Kirundi, na majina tuliyoyataja yako pande zote mbili za mto.

Nasi tumemwona mwanafunzi wetu akirudi kutoka katika afisi moja bila cheti alichokifuata, kwa sababu aliulizwa mahali alipozaliwa babu yake akanyamaza. Hakuwa mgeni katika nchi hii, bali alikuwa hajawahi kuuliza. Ukimya wake ukaonekana kama uongo. Aliyekuwa na jina la kilima, na jina la aliyekuwa mkubwa wa mahali pale, na jina la jirani, alijibu akapita.

Na tukumbuke ya kwamba mpaka huo ulichorwa watu wakiwa wamekwisha kukaa. Zamani za Wadachi, Buha na Urundi na Ruanda zilikuwa chini ya serikali moja. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, na mpaka mwaka 1921 nchi ya Kigoma ilikuwa mikononi mwao, ndipo ikakabidhiwa kwa Waingereza, na Urundi ikabaki kwa Wabelgiji. Basi mtu aliyezaliwa Kibondo mwaka 1912, akaishi mpaka mwaka 1962, alitawaliwa na Wadachi, na Wabelgiji, na Waingereza, akafa katika nchi huru, wala hakutoka kilimani kwake. Mjukuu asiyeyajua hayo atayaelezaje?

Sababu ya nne ni kuwatafuta waliopotea. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na baadaye ikawa njia ya kuwachukua vijana wa Buha kwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikwa namba, na kazi yake ikahesabiwa katika kipande. Wengi walirudi na blanketi na shuka. Wengine walikaa, wakaoa huko, wakazaa watoto wasiojua Kiha. Karani aliandika jina kama alivyolisikia, na mara nyingine kijana mwenyewe alitoa jina jingine ili asifuatwe na deni la kodi. Ndiyo maana mjukuu anayetafuta leo hatafuti jina moja. Hutafuta majina mawili, au matatu, ya mtu mmoja.

Wako pia waliotawanywa na vita. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na tena ya mwaka 1993, maelfu ya watu walivuka wakaingia kwetu, na makambi yakajengwa Kibondo na Kasulu. Watoto waliopotezana na wazazi wao njiani walitafutiwa jamaa zao na watu wa Msalaba Mwekundu. Mtoto aliyejua jina lake tu alikuwa na shida kubwa. Mtoto aliyejua jina la baba, na la babu, na la kilima chao, alikuwa na njia ya kurudia kwao. Mama aliyemfundisha mwanawe majina hayo kabla ya vita alikuwa amempa akiba asiyoweza kunyang'anywa.

Sababu ya tano ni heshima. Methali yetu yasema, mwacha asili ni mtumwa. Ni methali kali, wala si ya haki kwa kila mtu, maana wako ambao hawakuiacha asili yao. Walinyang'anywa. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya watumwa na pembe ilipita Ujiji, hapa hapa kwetu, ikitoka Manyema kwenda pwani. Bwana James Juma Mbotela, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934, alieleza habari za watumwa waliookolewa wakakaa Freretown, karibu na Mombasa, naye baba yake alikuwa mmoja wao. Aliandika ili watoto wajue wazazi wao waliteswaje na waliokolewaje. Vivyo hivyo ng'ambo ya bahari, Mmarekani mweusi Alex Haley alitoa kitabu chake Roots mwaka 1976, akisema amefuata nasaba yake mpaka Gambia. Kitabu kile kiliamsha watu wengi wa Marekani, weusi kwa weupe, wakaanza kuzitafuta habari za wazee wao.

Lakini hapa hatuna budi kutoa onyo. Wataalamu waliokichunguza kitabu cha Haley walionyesha kwamba baadhi ya viungo vya nasaba ile havikuthibitika. Mwenye kutafuta kwa hamu kubwa huweza kupata anachokitamani badala ya kilicho kweli. Nasi Afrika hatukosi kosa hilo. Mtu akitajirika, babu yake huanza kuwa mtu wa nyumba ya mtawala. Nasaba za Wami wa Heru, na Muhambwe, na Buyungu, zilikumbukwa na kuandikwa, kwa kuwa maafisa walitaka kujua ni nani mwenye haki ya kiti. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini tamaa ya kuwa mjukuu wa mtawala haikufutwa nao. Nasaba za wakulima hakuna aliyeziandika. Basi mkulima asione haya kuandika kwamba babu yake alikuwa mkulima. Aliyelima akawalisha watoto wanane amefanya neno kubwa.

Wala tusiyafiche ya aibu. Sisi tuliosomea misheni twaijua sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo, ambayo watu wengi huiruka kwa kuwa ni majina matupu. Haya, na wairudie. Katika orodha ile ya vizazi, ambayo mwandishi ameigawa mara tatu kwa kumi na vinne, wametajwa wanawake wachache, na miongoni mwao ni Tamari, na Rahabu, na Ruthu mgeni, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Mwandishi angeweza kuwaacha. Hakuwaacha. Na katika kitabu cha Ezra twasoma habari za makuhani waliorudi kutoka uhamishoni, wakatafuta orodha ya nasaba yao wasiione, wakatengwa na kazi ya ukuhani. Kwa hiyo swali la vyeti si geni duniani.

Pengine mtu atasema, "Mambo haya huleta ukabila. Tumejenga taifa moja, ya nini kuulizana koo?" Ni neno la haki, nasi hatulidharau. Lakini na tuangalie hesabu. Wazazi ni wawili, wa nyuma yao wanne, kisha wanane, kisha kumi na sita; ukifika kizazi cha kumi, nafasi ni elfu moja na ishirini na nne. Ni nani awezaye kusema kwamba nafasi hizo zote zimejazwa na watu wa kabila moja, au wa upande mmoja wa mto? Anayeufuata mstari wa baba peke yake huona jina moja katika hayo elfu, akajivuna. Anayeyatafuta yote hukuta Mrundi, na Mvinza, na Mmanyema, akanyenyekea. Ukabila hulishwa na nasaba nusu. Nasaba nzima huupunguza.

Basi mwenye kutaka kuanza na afanye hivi. Kwanza, aanze na wazee walio hai, wala asiwaulize kama polisi. Akae, asaidie kupukuchua maharagwe, asikilize. Pili, asiulize mwaka. Aulize kama ilikuwa kabla ya kuhamishwa au baada yake, wakati wa njaa ipi, wakati wa mkubwa gani; miaka ataitafuta baadaye mwenyewe. Tatu, aandike maneno kama yalivyosemwa, pamoja na jina la aliyesema na siku aliyosema, na wazee wawili wakipingana aandike yote mawili. Nne, atafute karatasi. Vitabu vya ubatizo vya misheni huonyesha jina la mtoto na ya wazazi wake, na katika Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam vimo vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maafisa wa zamani. Tano, na hili tunalitilia mkazo, aulize majina ya akina mama.

Sasa turudi kwa yule kijana wa Busunzu. Mwenzake mmoja wa chuo alipata kazi ya kufundisha Korogwe, naye akamwomba aulizeulize katika makambi ya zamani ya mkonge. Ikapita miezi. Siku moja ikaja habari. Yuko mwanamke mtu mzima, ambaye baba yake alitoka Kibondo, akawa manamba, akafia huko. Jina lililokuwa katika kipande chake halikufanana na jina la yule kaka mkubwa. Lakini mwanamke yule alisema kwamba baba yake alikuwa na mdogo wake mwenye jina la mtoto wa nane, na dada aliyeolewa ng'ambo ya mto. Kijana akaruka kwa furaha. Tukamwambia asubiri, kwa kuwa wenye jina la mtoto wa nane ni wengi katika Buha, na mabinti walioolewa ng'ambo ya mto ni wengi vilevile.

Ndipo yule mwanamke akaleta neno la kukata shauri. Akasema, "Mimi nilipewa jina la mama yake baba yangu." Akalitaja.

Kijana akaifungua karatasi yake. Alikuwa ameandika majina ya watoto wanane, na waliokufa, na walioondoka. Jina la mama yao hakuliandika. Siku ile alipoketi na bibi yake, bibi alisema "mama yetu" mara nyingi, naye hakuuliza mama huyo aliitwa nani. Akapanda gari kwenda Busunzu. Akakuta bibi amekwisha kuzikwa, yapata miezi miwili. Wale wengine wawili walikuwa wamemtangulia zamani. Akazunguka kilima kizima akiuliza. Kila mzee alimkumbuka mwanamke yule, na upole wake, na shamba lake la migomba, lakini walimjua kwa jina la mama wa fulani tu.

Sasa wanaandikiana, kijana na yule mwanamke wa Korogwe. Yeye humwita shangazi, naye humwita mwanangu. Kama ni shangazi wa damu au wa heshima, hakuna aliye hai awezaye kusema. Jina moja lingetosha, nalo lilikuwa katika kinywa cha mwanamke mzee aliyekuwa tayari kulitoa, kama angeulizwa.

Wasikilizaji wetu, katika nyumba zenu wamo wazee. Leo jioni, kabla ya kulala, kaeni nao mkawaulize mama zao waliitwa nani. Mkiisha kujibiwa, andikeni.

Kwaherini.